Kaa Kimya, Mwache Asakinishe

Anayetengeneza kisakinishi cha mfumo endeshi, yaani programu ya kuweka mfumo kama Windows au Linux kwenye kompyuta, hukiendesha mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Hukiendesha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake ni moja, tupu, imeundwa muda huo huo na jioni itafutwa. Mtandao upo, kibodi ni ile aliyoizoea, na hakuna Windows iliyotangulia. Mambo yakiharibika anafunga dirisha na kuanza upya. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Diski yake imejaa picha, hati za kazi, muziki, na pengine kazi ya miaka ambayo haina nakala popote pengine.

Nilijiunga kwa kujitolea na kikundi kinachotunza distro ndogo ya Linux, yaani toleo mojawapo la mfumo huo, iliyojengwa juu ya distro kubwa iitwayo Debian. Nikapewa kazi ambayo wengine waliikwepa: kukaa na watu ambao hawajawahi kusakinisha chochote kikubwa kuliko programu ya simu, niwatazame wakihangaika na kisakinishi chetu, kisha nilete ripoti. Masharti yalikuwa mawili. Mtu aseme kwa sauti kila anachokiwaza, na mimi nisimsaidie. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Mtu anatafuta kitufe kilicho mbele ya macho yake, na mkono wako unajiendea wenyewe kwenye kipanya. Ukinyoosha kidole tu umeshaharibu, kwa sababu kuanzia hapo atakuwa anakutazama wewe usoni badala ya kusoma skrini.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Kwa tovuti sina ubishi naye. Kwa kisakinishi naongeza neno: watu 5 mbele ya kompyuta moja watakuonyesha kasoro za maandishi na vitufe, lakini nusu ya vituko vinatoka kwenye kompyuta yenyewe. Kwa hiyo tuliwaomba watu waje na laptopu zao, zile wanazozitumia kila siku, na kabla ya lolote tulinakili faili zao zote kwenye diski ya nje. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutoka.

Kwanza kabisa, wengi hawakufika hata kwenye kisakinishi. Unapakua faili moja kubwa ya ISO, yenye kisakinishi chote ndani yake, unainakili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo, unawasha kompyuta, Windows inafunguka kama kawaida. Mtu hajui kwamba faili ile inatakiwa iandikwe kwenye flashi kwa programu maalumu, na hajui kwamba lazima abonyeze kitufe fulani ndani ya sekunde chache za mwanzo. Kitufe chenyewe kinategemea nani kaitengeneza kompyuta: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc au F9, kwingine ni kingine. Timu yetu ilikuwa inaona hayo hayatuhusu, kisakinishi kinaanza kinapoanza. Lakini ukimuuliza aliyeshindwa pale atakwambia "nilijaribu kusakinisha ikakataa", wala hatakwambia kwamba alishindwa kabla ya kuanza.

Waliolielewa hilo mapema ni watengenezaji wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Mwaka 2020 walitoa Raspberry Pi Imager, programu inayoendeshwa kwenye kompyuta uliyonayo tayari. Unachagua mfumo, unachagua kadi ya kuandikia, basi. Baadaye wakaongeza nafasi ya kuweka jina la mtumiaji, nywila na Wi-Fi kabla ya kadi kuandikwa, mtu akiwa bado kwenye mazingira aliyoyazoea. Sisi hatukuwa na nguvu ya kutengeneza kitu kama hicho. Tuliandika ukurasa mmoja wa maelekezo, wenye picha, na orodha ya vitufe kwa kila mtengenezaji. Ulisaidia kuliko mambo mengi tuliyoyafanya kwa msimbo.

Sasa ukurasa wa diski. Ningeweza kuandika habari yake peke yake na kuacha mengine yote.

Alikuja dada mmoja mwalimu, mtu makini, anayesoma kila neno. Alipita ukurasa wa lugha, akapita kibodi, akaunganisha Wi-Fi, kasi yake ikiwa nzuri. Alipofika kwenye diski akasimama. Skrini ilikuwa na orodha yenye mistari miwili: `/dev/sda` na GB 14.9, kisha `/dev/nvme0n1` na GB 465.8. Juu yake chaguo tatu: kusakinisha kando ya mfumo uliopo, kufuta diski na kusakinisha, au kugawa mwenyewe. Kishale kikawa kinazunguka katikati ya chaguo la kwanza na la pili.

"Diski gani sasa?" akasema. "Hii niliyochomeka?"

Nikanyamaza.

"Eti, hii flashi ndiyo wanaiita diski, si ndiyo? Kwa sababu ile ya ndani mimi sijawahi kuiona. Basi ifute tu, haina kitu."

Akachagua kufuta. Kilichokuwa kimetiwa alama chini yake ni `/dev/nvme0n1`, diski ya ndani ya laptopu yake. Akabofya "Endelea". Likatokea dirisha dogo la kuuliza kama ana uhakika, mkono ukawa umeshafika kwenye "Ndiyo" kabla macho hayajamaliza mstari. Sharti letu la ukimya lilikuwa na mwanya mmoja tu, nao ni hapo, kabla diski haijaandikwa. Nikamwambia asubiri, nikamweleza.

"Kwa hiyo ningefuta kila kitu changu?"

"Kila kitu, dada."

"Mbona hawakusema?"

Walisema. Maneno yalikuwepo, herufi ndogo za kijivu, chini ya orodha, yakitaja partisheni, yaani vipande vya diski, na jedwali la partisheni. Mtu aliyeyaandika aliyaelewa vizuri sana.

Niliporudisha habari hiyo kwenye kikundi, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mtumiaji asome. Nikawaambia huyu alisoma kila kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Asiyesoma ungeweza kumlaumu. Huyu alisoma orodha ikampa majina yasiyofanana na chochote anachokijua, na ukubwa usiofanana na uliobandikwa kwenye laptopu. Alipoinunua iliandikwa GB 500. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu, programu nyingi huhesabu kwa 1024, na tofauti hiyo inakula GB 34 hivi mbele ya macho ya mtu asiye na habari. Kwake GB 465.8 si diski yake.

Tulichobadilisha kwanza ni orodha. Kila diski sasa ina jina la modeli, ukubwa kama ulivyobandikwa na muuzaji, na sentensi ya kueleza kilichomo: "Ina Windows na faili zako, GB 210 zimetumika." Flashi iliyowashia kisakinishi inaandikwa hivyo hivyo kwamba ndiyo unayoitumia sasa, na haichaguliki. Yale majina ya `/dev` yapo bado, kwa anayeyataka, akifungua maelezo zaidi.

Pili, kitufe. "Endelea" ni neno la kurasa zote, na mtu akishalibofya mara sita bila madhara, la saba atalibofya vile vile. Kwenye ukurasa huo tu, kitufe kikawa "Futa diski na usakinishe". Dirisha la "Una uhakika?" tukaliondoa. Kuna waliopinga, wakasema tunaondoa kinga. Lakini kinga ambayo kila mtu anaipita kwa mazoea haikingi kitu. Mahali pake tukaweka mchoro wa mistari miwili ya rangi, diski ilivyo sasa na itakavyokuwa baadaye, na juu yake maneno kwamba hadi hapa hakuna kilichobadilishwa. Watu wakiona rangi iliyoandikwa "Windows" ipo juu na chini haipo, wanashtuka. Wakishtuka wanasoma.

Halafu kuna hili la chaguo linalotoweka, ambalo kwangu ni baya kupita yote. Kusakinisha kando ya Windows kunawezekana tu hali fulani zikitimia. Windows ikiwa imezimwa kwa ule mtindo wa kuwaka haraka, diski yake inabaki katika hali ya usingizi, na si salama kuipunguza. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kisakinishi hakiwezi kuigusa ndani. Kompyuta ikiwa imewekwa kwenye RST ya Intel, njia yao ya kusimamia diski, mara nyingine diski haionekani kabisa. Kisakinishi chetu kilikuwa kinagundua yote hayo vizuri tu, kisha kinaficha chaguo la kwanza bila kusema neno. Fikiria unachokiona wewe mgeni: uliambiwa unaweza kubaki na Windows yako, unafika, kuna "futa" na kuna "gawa mwenyewe". Kugawa mwenyewe hukuwezi. Unabaki na kufuta.

Na wengi wenye BitLocker hawajui kama wanayo. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Hakuiwasha, hakuulizwa kwa namna atakayoikumbuka. Mwingine alikwenda kwenye mipangilio ya mwanzo ya kompyuta kuzima Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwaka, kama alivyoelekezwa na rafiki, na Windows ilipowaka ikamdai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yake, ila nywila ya akaunti yenyewe alikuwa ameshaisahau. Tulishinda siku nzima na hilo, na Linux ilikuwa haijaguswa bado.

Chaguo sasa halitoweki. Linabaki pale, limefifia, na chini yake sababu kwa lugha ya kawaida: "Diski imefungwa na Windows. Rudi Windows, hifadhi ufunguo wako wa dharura, zima ufungaji, kisha anza tena hapa." Kuna msimbo wa QR wa kuyafungua maelekezo hayo kwenye simu, kwa kuwa kompyuta yenyewe itakuwa inazimwa na kuwashwa. Hilo la QR tuliliona kwenye kisakinishi kingine tukaliiga bila aibu.

Kwenye maswali tulikata mengi, na hapa sitachukua muda. Jina la kompyuta? Tunga moja, atalibadilisha akitaka. Ukubwa wa swap, ile nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya kompyuta? Asiulizwe. Jina la kikoa? Nyumbani nani analo? Kisakinishi cha Debian, ambacho ni kazi kubwa na kinaendeshwa kwenye mashine za kila aina, kina kitu kimoja ninachokipenda na kukichukia kwa pamoja: ukiacha nywila ya root, akaunti ya msimamizi mkuu, ikiwa tupu, root inazimwa na mtumiaji wa kwanza anapewa sudo, yaani ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi. Ni tabia nzuri kwa mgeni, na imeelezwa pale pale. Lakini ni uamuzi mzito uliofichwa ndani ya kutoandika kitu, na mgeni hafikirii kwamba kuacha sehemu tupu ni jibu. Tuliweka hivyo iwe ndiyo kawaida, tukafuta swali.

Mpangilio wa kurasa nao ulituletea ubishi mrefu. Fedora, distro nyingine ya Linux, walijaribu njia nyingine kwenye toleo la 18, lililotoka Januari 2013 likiwa limechelewa, na kisakinishi kipya kilikuwa sababu mojawapo kubwa ya kuchelewa. Badala ya kurasa kufuatana, uliwekewa ukurasa mmoja wenye milango, unaingia upendapo na kutoka. Wazo lina mantiki: kwa nini mtu asubiri wakati pakiti za programu zinakaguliwa, ilhali angeweza kuchagua saa za eneo? Lakini kitufe cha kumaliza kiliwekwa juu kushoto, mahali ambapo watu wengi hutegemea kukuta kitufe cha kurudi, na malalamiko yalikuwa mengi. Mwenzetu mmoja alitaka tufuate mtindo huo. Mimi nilikuwa upande wa kurasa zinazofuatana, na bado nipo. Mtu mwenye hofu anataka kuambiwa aanze wapi. Fedora wenyewe, kwenye toleo la 42 la mwaka 2025, walirudi kwenye hatua zinazofuatana kwa Workstation, toleo lao la kompyuta za kawaida.

Kibodi: ukichagua mpangilio wa Marekani wakati kibodi yako ni ya Uingereza, alama za @ na " zinabadilishana nafasi. Nywila unaiandika bila kuiona. Mzee mmoja aliweka nywila yenye @, akamaliza, akaingia, akarekebisha kibodi kwenye mipangilio, na alipowasha tena mfumo ukamkataa. Nywila ilikuwa na " ndani yake tangu mwanzo. Dawa ni ndogo: sehemu ya kujaribu kuandika chini ya chaguo la kibodi, na alama ya jicho ya kuonyesha nywila. Sijui kwa nini visakinishi vingine bado vinaona haya kuonyesha nywila, mtu akiwa peke yake chumbani.

Kusubiri nako kuna mambo. Brad Myers alichapisha mwaka 1985 utafiti ulioonyesha kwamba watu wanapendelea kuona kipimo cha asilimia kikisonga kuliko kukaa bila kujua. Kweli, lakini kipimo kinachosimama ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Cha kwetu kilikuwa kinakwenda mbio hadi asilimia 90 na kitu, kisha kinaganda kikipakua vifurushi vya lugha kutoka mtandaoni. Kijana mmoja alitazama, akatazama, akasema "imekwama hii", akashika kitufe cha kuzimia. Tulihamisha upakuaji huo ufanyike baada ya mfumo kuwaka, na tukaongeza mstari unaotaja kinachofanyika kwa wakati huo. Pia onyo la kuchomeka chaja, mwanzoni kabisa. Caldera, kampuni iliyotoa Linux yake, mwaka 1999 waliweka mchezo wa Tetris ndani ya kisakinishi chao, mtu acheze faili zikiandikwa. Nilipendekeza jambo kama hilo, nikachekwa, lakini nashikilia kwamba lilikuwa wazo zuri: kidole kinachocheza hakishiki kitufe cha kuzimia.

Mwisho wa kisakinishi si mwisho wa kusakinisha. Ujumbe unasema umemaliza, ondoa flashi, bonyeza Enter. Mtu anabonyeza Enter, flashi imebaki. Kompyuta inawaka, inaanzia kwenye flashi, na mgeni anaona ukurasa ule ule wa kuchagua lugha. Anachokielewa ni kimoja: haikukubali. Anaanza tena kutoka mwanzo, kwa subira ya ajabu, na safari hii kwenye ukurasa wa diski anakuta kuna mfumo mwingine ambao haujui, kwa hiyo anasakinisha tena kando yake. Nimeona laptopu yenye distro yetu mara tatu kwenye diski moja, na mwenyewe akiuliza kwa nini nafasi imeisha.

Hilo tulilitibu kwa kukifundisha kisakinishi kuangalia kwanza. Kikikuta toleo lake lile lile limeshawekwa kwenye diski, kinafungua kwa kusema hivyo, na kitufe kikubwa kinawasha upya kompyuta na kukumbusha kuchomoa flashi. Lilikuwa badiliko dogo kwenye msimbo, na ndilo lililopunguza maswali kwetu kuliko yote. Saa nayo: Windows huihifadhi saa ya kompyuta kwa saa za eneo, Linux kwa UTC, saa ya kimataifa, na mwenye mifumo yote miwili anaona saa imeruka kila anapohama. Kisakinishi kikikuta Windows, sasa kinaiacha saa kama Windows inavyoitaka. Wataalamu wetu walinung'unika kwamba si njia sahihi. Si sahihi, ni kweli, ila tangu hapo hakuna aliyetupigia kuuliza habari ya saa.

Kitu cha mwisho kuongezwa kilikuwa njia ya kutoka. Mwanzoni ukitaka kuacha ulikuwa unazima kompyuta kwa nguvu huku ukiomba. Sasa kila ukurasa una kitufe cha "Acha", na ukikibofya kabla ya diski kuguswa unaambiwa kwamba hakuna kilichobadilika na kompyuta itarudi ilivyokuwa. Kikundi kiliogopa kwamba watu watakitumia. Wanakitumia kweli. Wengi wanaotoka wanatokea kwenye ukurasa wa diski, na yule mwalimu alikuwa mmojawapo alipojaribu toleo jipya: alisoma ile sentensi ya faili zake, akabofya "Acha", akaenda kununua diski ya nje.